Madoa ya MS kwenye MRI ya dada: yalipokaa yana maana gani?

Swali, nimelifupisha kidogo: "Dokta shikamoo. Dada yangu ana miaka 31, anauza dagaa Mwaloni Kirumba. Mwaka jana jicho la kulia lilififia wiki tatu likarudi lenyewe, watu wakasema ni presha. Mwezi wa pili mwaka huu miguu ikaanza ganzi ikapanda mpaka kiunoni, na akiinamisha kichwa anasikia kama shoti ya umeme inashuka mgongoni. Tumepiga MRI, ripoti inasema madoa 9 kwenye ubongo, karibu yote wameandika periventrikula, moja infratentoria, na lingine moja kwenye uti wa mgongo usawa wa shingo. Wametuambia ni MS, yaani multiple sclerosis. Nimesikia kuna mtu ana madoa 40 anatembea fresh na mwingine ana matatu yuko kwenye kiti cha magurudumu. Sasa haya ya dada yanatuambia nini? Atapooza? Au tusubiri kwanza tuone?"

Marahaba mdogo wangu, na mpe pole sana dada. Umeuliza vizuri kuliko wengi ninaowaona kliniki, maana wengi wanaingia mlangoni na namba tu, "dokta ana madoa tisa", kama vile tunahesabu magunia ya dagaa, na ukimwambia safari hii yamekuwa kumi na moja analia hapohapo, kumbe hayo mawili mapya yamekaa sehemu ambayo hata yeye mwenyewe hajawahi kuhisi kitu. Nitajibu kirefu, jiwekee chai.

Kabla sijaanza kuzunguka nikupe la moyoni. Doa la shingoni na lile moja la infratentoria, yaani chini ya ubongo mkubwa, ndo yananifanya nikae wima kwenye kiti. Hayo mengine ya periventrikula, yaani kando ya vyumba vya maji vya ubongo, yananisaidia zaidi kujua ugonjwa ni upi, kuhusu miguu yake hayanitishi sana. Na kusubiri muone, hapana, hilo msifanye.

Tuanze na doa lenyewe ni nini. Neva ni kama nyaya, na kila waya una plastiki yake ya nje, hiyo tunaita mayelini. Kwenye MS kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inageuka inaanza kuichuna hiyo plastiki ndani ya ubongo, kwenye uti wa mgongo na kwenye neva za macho. Pale ilipochunwa umeme unapita kwa kusuasua au haupiti kabisa, baadaye panatulia panabaki kovu, na hilo kovu ndo doa jeupe mnaloliona kwenye filamu. Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot, pale hospitali ya Salpêtrière Paris, ndo aliyeuelezea ugonjwa huu vizuri mwaka 1868, na jina alilolipa kwa Kifaransa linasema hicho hicho, ugumu wa mabaka mabaka. Kwa hiyo doa sio uvimbe, sio kansa, sio mdudu, na halihami kutoka kichwani kwenda shingoni kama baadhi ya watu wanavyodhani. Kila doa lilizaliwa hapo hapo lilipo.

Sasa mahali. We ni mtu wa Mwanza hii utaielewa haraka. Mtaa mmoja ukifungwa Mabatini kwa sababu kuna msiba, bodaboda wanakata kona mbili tatu wanatokea upande wa pili na mji hata haujui kama kuna kitu. Lakini kumbuka enzi za kivuko pale Kigongo kabla daraja halijafunguliwa Juni 2025, kivuko kikisimama saa moja tu basi la Geita limekaa, lori la samaki limekaa, mgonjwa amekaa, bibi harusi amekaa, wote wanaangalia maji, maana njia ni moja nyembamba na kila kitu lazima kipite hapo. Ubongo wa juu ni mitaa. Uti wa mgongo ni Kigongo. Nasema ile kamba ya neva iliyo ndani ya mifupa, sio mifupa yenyewe, unene wake ni kama kidole chako kidogo na urefu ni sentimita arobaini na kitu, na ndani ya hicho kidole zinapita amri zote za kutembea, hisia zote za kuanzia shingoni kushuka, mkojo, choo, tendo la ndoa, vyote. Doa la milimita chache hapo linasikika mwili mzima, wakati doa la ukubwa uleule likikaa pembeni mwa vyumba vya maji vya ubongo linaweza kukaa miaka kumi halijasema neno.

Na hiyo shoti anayoisikia ina jina, tunaiita dalili ya Lhermitte. Ukiinamisha kichwa uti wa shingo unavutika kidogo, na waya uliochunwa plastiki ukivutwa unapiga shoti. Yaani dada alikuwa ameshawaambia doa liko wapi kabla hamjalipia MRI! Shoti yenyewe haiharibu chochote, asiogope kuinama kupembua dagaa zake, inaudhi tu. Ila kuna kitu hujaniambia na ni cha maana sana: nguvu. Ganzi na shoti zinatoka kwenye nyaya za hisia ambazo zinapita nyuma ya uti, nyaya za nguvu zinapita zaidi kwa pembeni. Kwa hiyo hata ndani ya kidole hicho kuna mitaa. Kama miguu ilikuwa na ganzi lakini akawa anapanda ngazi bila kujivuta, na mkojo haujamsumbua, basi doa limegusa upande ulio afadhali. Kama mguu mmoja unaburuzika, au kiatu kimeanza kuliwa upande wa mbele, au anakimbilia choo na hafiki, hiyo ni stori nyingine na daktari wake aambiwe wiki hii hii, maana doa moja tu likikaa vibaya kwenye nyaya za nguvu za shingoni linaweza kumfanya mtu adhoofike polepole miaka na miaka hata kama ubongo wote juu ni msafi. Tunawaona watu wa hivyo, wachache, lakini wapo.

Twende kwenye infratentoria. Neno linatisha bure. Ndani ya kichwa kuna utando uliotandazwa kama hema, juu yake ubongo mkubwa, chini yake ubongo mdogo na shina la ubongo. Infratentoria maana yake ni chini ya hema, basi. Shina la ubongo ni Kigongo nyingine, tena labda kali zaidi, kwa sababu mbali na nyaya zote zinazoshuka kwenye uti hapo ndo kuna vituo vya kuendesha macho, uso, kumeza na kizunguzungu. Doa likikaa kwenye shina mtu anaona vitu viwiliviwili, au dunia inazunguka, au upande mmoja wa uso unakufa ganzi. Likikaa kwenye ubongo mdogo mtu anayumba, mikono inatetemeka akishika kikombe, maneno yanakuwa mazito. Hawa wananiuma sana kwa kweli kwa sababu mtaani wanaambiwa walevi. Nilishawahi kumwandikia mgonjwa mmoja karatasi ya kutembea nayo kwenye pochi, imegongwa muhuri, inasema huyu hajanywa, baada ya kushushwa kwenye daladala mara mbili.

Muulize dada kama amewahi kuona mbilimbili hata kwa siku chache akapuuza. Kama hajawahi, doa lake la chini ya hema limekaa kimya, ni nafuu, ila halinifanyi nilisahau, nitakwambia kwa nini muda si mrefu.

Hayo ya periventrikula ni yale yaliyokaa kandokando ya vyumba vya maji katikati ya ubongo. MS inapenda sana kukaa hapo, inafuata vishipa vidogo vya damu kiasi kwamba madoa yanasimama kama vidole vinavyotoka kwenye chumba, mpaka leo tunaviita vidole vya Dawson kutokana na Mskoti aliyeviandika mwaka 1916. Ukiona vidole hivyo unaanza kuamini ni MS kweli, kwa hiyo ni madoa mazuri kwa utambuzi. Vigezo tunavyotumia, vya McDonald, vilivyoanza 2001 na kurekebishwa mara kadhaa, vinaangalia hivyo hivyo, sio idadi tu bali yametawanyika sehemu zipi: kando ya vyumba, karibu na gamba la ubongo, chini ya hema, kwenye uti, na kwenye marekebisho ya karibuni hata neva ya jicho imehesabiwa. Dada ana jicho, ana vyumba, ana hema, ana uti. Ndo maana hawakusitasita.

Je hayana madhara? Siwezi kusema hivyo. Yakirundikana, hasa kwenye lile daraja linalounganisha ubongo wa kulia na wa kushoto, kinachopungua ni kasi ya kufikiri. Mtu anachelewa kupiga hesabu ya chenji, anasahau nani anadaiwa, anachoka saa tano asubuhi uchovu ambao usingizi hauumalizi. Muuza dagaa mwenye wateja wa mkopo ishirini, hilo ni jambo kubwa kuliko unavyofikiri, na hakuna anayeliona kwa macho. Halafu kuna madoa ambayo MRI zetu za kawaida hazioni, yale ya kwenye gamba la ubongo lenyewe, yapo mengi na yanachangia sana kwenye akili na kwenye ule udhoofu wa polepole. Kwa hiyo kitu kisichoonekana kwenye filamu sio kwamba hakipo.

Ndo utaelewa habari ya mtu wa madoa 40 na mtu wa matatu. Sio uongo. Wataalamu wana jina kabisa la huo mkanganyiko, kwamba picha na mgonjwa havilingani, na sababu zake ndo hizo tumezungumza: mahali, na yasiyoonekana, na kitu cha tatu ambacho ni akiba. Ubongo una njia za kuzunguka. Kigongo ikijaa watu walikuwa wanazungukia Kamanga, unafika Sengerema vilevile ila umetumia mafuta na muda. Mgonjwa naye anafika, anatembea vizuri, lakini jioni amekwisha, kwa sababu kila hatua imezunguka. Na akiba inaisha. Anayeanza na akiba kubwa, kijana, havuti sigara, presha na sukari viko sawa, anazunguka muda mrefu zaidi. Sigara nimeitaja makusudi, kwenye MS inaharakisha udhoofu, na sio ya kwake tu, hata hiyo ya shemeji ndani ya nyumba sio nzuri.

Sasa kwa nini sijalisahau lile doa la chini ya hema hata kama liko kimya. London kuna watu walianza kufuatiliwa kati ya 1984 na 1987, wakiwa wamepata shambulio moja tu la kwanza, jicho au uti au shina la ubongo, wakapigwa MRI za enzi zile na wakaendelea kuitwa mara kwa mara miaka 30 mizima. Hebu fikiria uvumilivu huo. Baada ya miaka 20 waliokuwa na madoa mwanzoni, 82 katika kila 100 walikuwa na MS kamili, waliokuwa na picha safi ni 21 tu. Kwenye mwaka wa 30 walipata taarifa za watu 120, kati yao 80 walipata MS. Katika hao, 35 walikuwa bado wanaishi na ulemavu mdogo tu, 26 walikuwa wameingia ile hatua ya kudhoofika polepole, na 16 MS ilikuwa imewaua. Walipoangalia nyuma ni nini kingewaambia mapema nani ataenda wapi, moja ya alama kubwa ilikuwa ni doa la chini ya hema kwenye picha ya kwanza kabisa. Barcelona nao wameona hivyo hivyo kwa shina la ubongo. Na madoa ya uti wa mgongo yanajitokeza kwenye tafiti nyingi kama alama ya kudhoofika mbele ya safari, hata yale yasiyo na dalili.

Ila usome vizuri hizo namba kabla hujampigia simu mama. Kwanza ni watu 35 katika 80 ambao miaka 30 baadaye wanajitegemea, na wengi wa kundi lile hawakutumia dawa yoyote ya kuzuia ugonjwa kwa sababu walipoanza kuugua hazikuwepo. Pili, doa kuwa alama ya hatari maana yake ni kwenye kundi, sio hukumu ya mtu mmoja. Mawingu yakitanda juu ya Ukerewe mvuvi anavuta mtumbwi juu, hasemi kwamba tayari amezama.

Mahali ni sehemu tu ya hesabu. Mi nikikaa na faili kama la dada naangalia pia mashambulio mangapi ndani ya miaka miwili ya kwanza, alipona kiasi gani baada ya kila shambulio, yalipishana muda gani, alianza na umri gani. Aliyeanza na jicho au ganzi na akapona vizuri kwa kawaida ana afadhali kuliko aliyeanza na mguu kulegea, kuyumba au mkojo. Wanawake wanaupata mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume lakini wanaume ndo wanaodhoofika haraka. Kwa hiyo dada: jicho kwanza, likarudi, umri 31, mwanamke, hizo zote ziko upande wake. Mashambulio mawili kama ndani ya mwaka mmoja hivi, doa la uti, doa la chini ya hema, hizo ziko upande wa pili. Niongeze na moja ambayo sipendi kuificha, tafiti za Marekani zinaonyesha weusi wenye MS kwa wastani wanafika hatua ya kutembelea fimbo mapema kuliko wazungu. Kiasi gani ni damu na kiasi gani ni kuchelewa kupata matibabu bado watu wanabishana, ila kwangu mi tafsiri yake ni moja tu, haraka.

Lakini ngoja. Kabla ya yote hayo kuna swali lazima niliulize hata kama mmeshaambiwa ni MS, kwa sababu huku kwetu ziwani uti wa mgongo una maadui wengi. Lile doa la shingoni lina urefu gani? Soma ripoti, utaona wameandika usawa wa pingili ngapi. Doa la MS kwa kawaida ni fupi, halizidi pingili mbili, na linakaa pembeni ya uti. Likiwa refu, pingili tatu na kuendelea, na limekaa katikati, nawaza ugonjwa mwingine unaitwa NMO (neuromyelitis optica), ambao unafanana na MS kama pacha wa mama mwingine, unashika macho na uti vilevile, na kwa watu weusi hauna uhaba. Mgonjwa wake wakati mwingine anaanza na kwikwi au kutapika wiki nzima, anatibiwa vidonda vya tumbo, kumbe ni doa kwenye shina la ubongo. Una kipimo chake cha damu, kingamwili ya akwaporini 4, na inafaa mjue mapema kwa sababu baadhi ya dawa zinazosaidia MS zinaweza kuufanya NMO uwe mbaya zaidi. Madoa ya dada yanavyosomeka, vyumba vya maji na kadhalika, yanafanana na MS, lakini mi ningetaka kipimo hicho kiwepo kwenye faili hata kama sampuli itabidi isafirishwe.

Doa likikaa chini kabisa ya uti, karibu na kiuno, kwa mtu wa ziwani nawaza kichocho kabla ya MS. Sicheki. Mayai ya kichocho yanaweza kukwama kwenye uti, mtu akapooza miguu na kufunga mkojo ndani ya siku chache, na akiwahi prazikwanteli pamoja na steroidi anaweza kuinuka. La dada liko shingoni kwa hiyo halifuati njia hiyo, ila wengine wanaosoma hapa wanaoishi visiwani wasiseme hawakuambiwa. Vipimo vya VVU, kaswende na vitamini B12 navyo viwepo, ni rahisi. Na kwa upande wa ubongo, madoa meupe madogomadogo peke yake sio MS, presha ya muda mrefu inayaleta, kipandauso kinayaleta, selimundu ambayo kanda yetu inayo nyingi inayaleta pia. Nimeshapokea mama wa miaka 58 mwenye presha isiyotibiwa ameandikiwa MS kwa sababu tu ya madoa, na yalikuwa yamekaa sehemu za presha, sio za MS. Mahali tena, unaona.

Sasa, atapooza? Nikupe namba mbili zilizopishana zaidi ya miaka 25. Kanada, mji wa London ulioko Ontario, mwaka 1989 walionyesha nusu ya wagonjwa wao walihitaji fimbo kutembea ndani ya miaka 15 hivi. San Francisco mwaka 2016, wagonjwa waliofuatiliwa kwa miaka ambayo dawa zipo, karibu 11 katika 100 ndo walikuwa wamefika kwenye fimbo baada ya kama miaka 17 ya ugonjwa. Makundi hayafanani mia kwa mia, nchi tofauti, utambuzi umebadilika, hata hivyo tofauti ni kubwa mno kuipuuza. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba kiti cha magurudumu sio kinachowasubiri watu wengi wenye MS siku hizi, na kwa dada uwezekano unategemea zaidi miezi hii 12 inayokuja kuliko miezi 12 iliyopita.

Ndo maana nasema msisubiri. Madoa mapya yanatokea mara nyingi zaidi kuliko mashambulio, wanasema mara tano mpaka kumi, yaani anaweza kuwa anacheka na wateja wake Mwaloni huku ugonjwa unachora kimya kimya. Dawa za kuzuia hazifuti doa lililopo, hilo muelewe vizuri msije mkakata tamaa, kazi yake ni kuzuia lijalo lisikae Kigongo. Na mtu ambaye tayari ana doa la uti na la chini ya hema, mi binafsi sipendi kumuanzishia dawa nyepesi halafu tungoje aanguke ndo tupande ngazi. Ningeanza na yenye nguvu. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa tatu za MS kwenye orodha yake ya dawa muhimu, kladribini, glatirameri na rituksimabu, na hiyo rituksimabu ndo ambayo hata huku inafahamika zaidi kwa sababu inatumika kwenye saratani za damu, inaingia kwa dripu, na faida nyingine ni kwamba hata NMO inautibu, kwa hiyo ukikosea kati ya hao mapacha wawili haujamuumiza mtu. Kabla ya kuiweka lazima apimwe homa ya ini B na kifua kikuu, maana inashusha kinga na virusi vya ini vilivyolala vinaweza kuamka vikamuua mtu ambaye MS isingemuua. Msikubali dripu bila hicho kipimo, hata mkiambiwa mnachelewesha foleni. Kama anategemea kubeba mimba aseme mwanzoni, mpango unabadilika.

Zile sindano za steroidi wanazopewa wagonjwa siku tatu au tano wakati wa shambulio zinalifupisha tu. Hazibadilishi mwisho wa safari. Nalisema kwa sababu wapo wanaorudi kila mwezi kuomba "ile sindano ya nguvu", na inawaharibia mifupa na sukari bure.

Jambo moja la mazingira yetu. Joto likipanda mwilini waya uliochunwa plastiki unapitisha umeme vibaya zaidi, kwa hiyo doa la zamani linaamka kwa muda. Dada akisimama juani saa nane mchana kuanika dagaa jicho linaweza kufifia tena na miguu kuwa mizito, akikaa kivulini na kujimwagia maji dakika 30 inarudi. Akipata malaria itakuwa hivyo hivyo, tena kwa kishindo, mtafikiri amepooza. Kabla hamjasema shambulio jipya pimeni malaria na mkojo kwanza. Shambulio la kweli ni dalili mpya, au ya zamani iliyozidi, inakaa zaidi ya saa 24 na hakuna homa. Hilo litawapunguzia nusu ya safari za usiku.

Halafu vile vipimo vya ulemavu tunavyotumia vilitungwa na watu wa tambarare. Kipimo chetu kinakwenda 0 mpaka 10, na swali lake kubwa ni unatembea mita ngapi bila kupumzika, 500, 300, 100. Mita 100 za barabara ya lami sio mita 100 za kupanda nyumbani Igogo katikati ya mawe na ndoo kichwani. Nina wagonjwa ambao kwenye karatasi ni wazima na nyumbani kwao hawafiki. Kama mna uwezo wa kumtafutia chumba cha chini karibu na barabara, msingoje fimbo ndo mhame, ila mwambieni ni kwa ajili ya kumtunzia nguvu za sokoni, sio kwamba anakuwa kilema. Namna mtakavyolisema atalikumbuka.

Mkija kliniki leteni CD yenyewe ya MRI, sio karatasi ya ripoti peke yake, nataka kuliona hilo la shingoni kwa macho yangu, limekaa upande gani na lina pingili ngapi. Na MRI ya pili ifanyike miezi mitatu mpaka sita baada ya kuanza dawa, hiyo ndo tutakayoihesabu kama picha ya mwanzo, kwa mashine ile ile ikiwezekana, ubongo na shingo vyote viwili, baada ya hapo mara moja kwa mwaka. Najua bei yake. Bora mpunguze kipimo kingine niwaambie kipi sio lazima. Njooni asubuhi mapema kabla jua halijawa kali.